Maikroplastiki na wadudu wa tope: siku 28 zinatosha kuona madhara ya muda mrefu?

TopeLaNyanza ameuliza:

Wakuu, salaam. Tunapanga jaribio la kupima madhara ya muda mrefu ya chembe ndogo za plastiki kwa wanyama wasio na uti wa mgongo wa maji baridi. Kabla hatujanunua chochote, naomba mtupitishie macho.

Wanyama ni wawili. Wa kwanza ni viluwiluwi (mabuu) wa Chironomus, mdudu anayefanana na mbu ila haumi, wale wekundu wa kwenye tope ambao wakikomaa huinuka ziwani kama moshi. Wa pili ni konokono wa Biomphalaria wa kwenye majani ya ufukweni. Vifaa: hadubini mbili (moja ina taa ya kuonyesha rangi zinazong'aa), mizani inayosoma hadi 0.1 mg, oveni, pampu za hewa za matangi ya samaki, na machekeche ya chuma ya mikromita 32, 63, 125 na 250. Mashine ya kutambua aina ya plastiki kwa miale ya infraredi hatuna. Sampuli chache tunaweza kuzipeleka kwingine.

Plastiki tuliyofikiria ni shanga za polystyrene za mikromita 10 zenye rangi inayong'aa, za kununua, pamoja na unga wa polyethylene tutakaousaga wenyewe kutokana na madumu. Dozi: 0, 1, 10 na 100 mg kwa lita ya maji. Muda: siku 28.

Kinachotutatiza ni kwamba makala zinapingana. Huyu anaona vifo, yule haoni chochote, na kiasi kwenye karatasi kinafanana. Tatizo liko kwa mnyama, kwa plastiki, au kwenye namna ya kupima? Na siku 28 ni muda mrefu kweli?

---

Chekeche63 amejibu:

Karibu, mkuu. Mimi nashughulikia plastiki yenyewe, ya wadudu nawaachia wengine.

"Kiasi kinafanana" ndipo watu wengi wanapoteleza. Miligramu moja haisemi chochote mpaka useme ukubwa wa chembe. Chukua polystyrene, uzito wake ni karibu gramu 1.05 kwa sentimita ya ujazo. Shanga ya mikromita 10 ina uzito wa takriban nanogramu 0.55, kwa hiyo miligramu moja ina shanga kama milioni 1.8. Shuka hadi mikromita 1, miligramu ileile inakuwa na shanga bilioni 1.8. Panda hadi mikromita 100, unabaki na shanga 1,800 tu. Watu wawili wote wameandika "1 mg kwa lita", lakini mmoja ametia chembe mara milioni kuliko mwenzake. Kila dozi iandikeni kwa njia mbili, uzito na idadi, na idadi msiitoe kwenye lebo ya chupa. Chukueni matone matatu ya maji ya jaribio, hesabuni kwenye kioo cha kuhesabia seli, kisha linganisheni na hesabu ya karatasi. Tofauti ya asilimia 20 ni ya kawaida. Ikifika nusu, shanga zimegandana au zimebaki ukutani mwa chupa.

La pili ni kuzama. Shanga ya mikromita 10 ya polystyrene kwenye maji yaliyotulia inashuka kama sentimita moja kwa saa. Bika yenye kina cha sentimita 5 inakuwa imesafishika katika saa tano. Ukisema viluwiluwi walikuwa kwenye "10 mg kwa lita" kwa siku 28, si kweli: walikuwa kwenye zulia la shanga chini ya chombo, na maji ya juu yalikuwa karibu safi. Polyethylene ndiyo kinyume chake, inapanda. Uzito wake ni 0.91 hadi 0.96, na unga mkavu hauloi kabisa. Utaelea kama ukungu mweupe juu ya maji, na mnyama wa tope hataugusa.

Kwa hiyo kwa mnyama wa tope achaneni na mg kwa lita. Pimeni kwa asilimia ya uzito mkavu wa mashapo, mchanganye plastiki ndani ya mashapo yenyewe. Na badala ya dumu tumieni chupa ya maji ya kunywa, yaani PET: ina uzito wa 1.38, inazama na inabaki ilipo.

Kusaga: kateni chupa vipande vya milimita 2 hadi 3, ondoeni lebo, kifuniko na gundi (kifuniko ni plastiki nyingine). Ogesheni kwenye ethanoli ya 70%, kausheni. Bila naitrojeni ya maji, PET haisagiki vizuri. Inapata moto, inalainika na kutoa nyuzi badala ya unga. Mkikosa naitrojeni, gandisheni vipande usiku mzima, sageni kwa mzunguko wa sekunde 10 hadi 15, rudisheni kwenye friza dakika 20, rudieni. Ni kazi ya kuchosha na gramu 20 zinaweza kula siku nzima. Unga upitisheni kwenye chekeche la 63 ukiwa na maji yenye ethanoli kidogo, chukueni uliobaki juu ya 32. Bila kuloweka, unga unashikamana kwa umeme tuli na unaziba matundu. Kisha pigeni picha chembe 200 kwenye hadubini, mpime urefu na upana. Chekeche linapitisha kwa upana, kwa hiyo mtakuta vijiti vya mikromita 150 vimepita kwenye tundu la 63.

Kuhusu shanga za kununua, mkizing'ang'ania, kuna mitego miwili. Chupa nyingi huja na kihifadhi, mara nyingi sodium azide, pamoja na sabuni ya kuzuia kugandana. Azide ni sumu kwa Daphnia (mnyama mdogo sana wa maji baridi, wa jamii ya kamba), na iliwahi kuonyeshwa mwaka 2019 kwamba sumu iliyohesabiwa kuwa ya chembe ilitokana na kihifadhi. Osheni: acheni zizame au zungusheni kwa mashine, mwageni maji ya juu, jazeni upya, mara tatu. Maji ya juu ya mzunguko wa mwisho yahifadhini, muyatumie kwenye kundi la peke yake lisilo na shanga. Wanyama wa kundi hilo wakiumia, hamjaosha vya kutosha.

Mtego wa pili ni rangi. Inavuja kutoka kwenye shanga na kukimbilia mafuta ya mwilini. Ukiona mnyama anang'aa nje ya utumbo usiandike kwamba chembe zimepenya kwenye tishu. Lowekeni shanga saa 24, chujeni kwenye kichujio cha mikromita 0.2, muweke wanyama kwenye maji yaliyochujwa. Waking'aa vilevile, mnaona rangi tu.

---

KomeWaMto amejibu:

Upande wa Chironomus. Mfupa wa mpango wenu uwe mwongozo namba 218 wa OECD (shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya majaribio ya sumu), kisha mrekebishe kwa wadudu wa joto.

Mashapo ya kutengeneza ni mchanga laini wa kwatzi 75 hadi 76%, udongo wa kaolini 20%, na mboji ya sfagnamu 4 hadi 5%, na chokaa kidogo ya kalsiamu kaboneti ili pH ikae karibu na 7. Kaolini si shida, ya milima ya Pugu inafaa ikioshwa. Sfagnamu ndiyo haipatikani huku. Tumieni majani makavu yaliyosagwa na kuchekechwa kwenye 250, mkiyaloweka siku kadhaa na kumwaga maji ya kahawia. Lengo ni kaboni ya viumbe karibu 2%. Msitumie tope la ziwani kama lilivyo kwa jaribio kuu. Tayari lina plastiki, na lina viluwiluwi wa watu wengine.

Mfano wa dozi: kwa gramu 500 za mashapo makavu, 0.5% ni gramu 2.5 za PET. Changanyeni kwa hatua. Kwanza unga wote na gramu 50 za mashapo yenye unyevu kwenye bakuli la chuma au kioo, kisha ongezeni kidogokidogo kama mtu anayekanda unga wa maandazi. Mkimaliza, chukueni vijisampuli vitatu vya gramu 5 kutoka pembe tofauti, mhesabu. Vikitofautiana sana, kandeni tena. Mwageni mashapo kwenye chombo kwa kina cha sentimita 2, wekeni kisahani cha kioo juu yake, ndipo mmimine maji taratibu juu ya kisahani mpaka kina cha maji kiwe mara nne ya mashapo. Bila kisahani, mkondo wa maji unachimba shimo, na chembe nyepesi zinatengana na mchanga kabla jaribio halijaanza. Acheni vyombo vikae siku saba na hewa ikipita polepole.

Viluwiluwi 20 kwa chombo, vyombo vinne kwa kila dozi, na vyombo vya kulinganishia (visivyo na plastiki) vikizidi si vibaya. Tumieni wachanga wa hatua ya kwanza, siku mbili hadi tatu baada ya kuanguliwa, wawekwe kwa pipeti ya kioo yenye mdomo mpana chini ya uso wa maji. Hewa izimwe siku hiyo ya kuwaweka na iwashwe kesho yake, la sivyo viputo vinawabeba juu na wengine wananata kwenye ukingo na kufa. Mtakuja kuhesabu vifo hivyo kama kazi ya plastiki.

Chakula ndicho moyo wa jambo. Chakula cha vipande cha samaki wa mapambo, kikisagwa na kulowekwa: 0.25 hadi 0.5 mg kwa kiluwiluwi kwa siku katika siku kumi za mwanzo, baadaye 0.5 hadi 1 mg. Mkizidisha, maji yanachafuka, amonia inapanda, na zaidi ya hapo mnaficha madhara mnayoyatafuta. Mdudu aliyejaa chakula juu ya tope hana sababu ya kula tope lenye plastiki.

Kipimo kikuu ni kuibuka, yaani kutoka majini wakiwa na mabawa: wangapi wametoka na siku gani. Hesabuni kila siku, saa ileile, dume na jike mbali mbali, maana dume hutangulia. Mkichanganya jinsia, chombo chenye majike mengi kitaonekana kimechelewa hata kama plastiki haijafanya chochote. Jaribio linakubalika ikiwa kwenye kundi la kulinganishia angalau 70% wameibuka. Kwa C. riparius kwenye nyuzi 20, wanaibuka kati ya siku ya 12 na ya 23. Wa kwenu kwenye nyuzi 25 watawahi zaidi, kwa hiyo fanyeni kwanza mzunguko mmoja bila plastiki ili mjue kalenda yao.

Hilo linajibu swali lako la siku. Siku 28 kwa Chironomus ni maisha yote ya mdudu, kuanzia kuanguliwa hadi kuruka. Kwa konokono ni kipande kidogo tu. "Muda mrefu" pimeni kwa umri wa mnyama. Mkitaka kizazi cha pili upo mwongozo namba 233: waliotoka wanaachwa wapandane kwenye kizimba cha wavu, angalau sentimita 30 kila upande kwa C. riparius, mnahesabu kamba za mayai na mnaangalia kama mayai yamerutubishwa, kisha watoto wanarudishwa kwenye mashapo. Kizimba kikiwa kidogo madume hayapati nafasi ya kucheza kundi hewani, na mtapata kamba tasa hata kwenye kundi safi.

Tahadhari ya spishi: Chironomus wa kuchota ziwani wanaweza kuwa spishi tatu kwenye beseni moja. Kila kamba ya mayai iangulieni peke yake, lea wachache, hifadhini vichwa vyao kwenye ethanoli ili mtu wa utambuzi asome meno ya kidevu. Ndipo muunganishe kamba kadhaa za spishi moja kuanzisha ukoo.

---

MizaniKali amejibu:

Nitakuwa mtu wa kupinga hapa. Kila mlichosema ni sahihi, lakini mkifanya hivyo hivyo mtaishia na makala ya kusema "plastiki ya 5% inachelewesha kuibuka", na msomaji atauliza: je, mchanga wa 5% usingefanya hivyo?

Chembe isiyo na lishe ikichanganywa na chakula inapunguza lishe kwa kila tonge. Utumbo unajaa, nishati hakuna. Hilo hata udongo unafanya. Kwa hiyo lazima pawe na kundi la tatu, lenye chembe za asili za ukubwa uleule. Na zilinganisheni kwa ujazo, kwa sababu utumbo unajazwa na ujazo. Gramu moja ya PET ina sentimita za ujazo 0.72. Kaolini ina uzito wa 2.6, kwa hiyo mnahitaji karibu gramu 1.9 kupata ujazo huo. Kaolini ya kawaida lakini ni ya mikromita chache tu, hivyo kwa chembe za 32 hadi 63 tumieni mchanga wa kwatzi uliosagwa na kupita machekeche yaleyale. Uzito wake ni 2.65, hesabu haibadiliki sana. Kundi la plastiki likiumia kuliko la mchanga, hapo mna jambo la plastiki. Yakilingana, mmepima njaa.

Kuhusu makala kupingana, hazipingani sana ukizisoma na mnyama mkononi. Kikundi cha Wageningen, Uholanzi, kilijaribu polystyrene ya mikromita 20 hadi 500 kwenye mashapo kwa siku 28, hadi 40% ya uzito mkavu, kwa spishi sita, matokeo yakachapishwa 2018. Aliyepungua kukua ni Gammarus pulex, mnyama mdogo wa jamii ya kamba, peke yake, na athari ilianza kuonekana karibu na 1%. Asellus na Hyalella (nao wa jamii ya kamba), kome wadogo wa Sphaerium na minyoo hawakuonyesha kitu. Upande mwingine, Gammarus huyohuyo alipewa vipande vya PET kwa siku 48 katika jaribio la Ujerumani la mwaka huohuo, asidhurike. Plastiki nyingine, njia nyingine ya kumfikia.

Lakini sasa tazameni muda. Wageningen walirudi na trei za mashapo kwenye mtaro wa nje, wanyama wa asili wakiingia wenyewe, dozi hadi 5%. Baada ya miezi mitatu, hakuna kitu. Baada ya miezi 15, kwenye 5% idadi ya wanyama ilipungua, hasa minyoo wa familia ya Naididae. Makala ilitoka 2020. Mtu aliyefunga kazi mwezi wa tatu angeandika kwamba mambo ni shwari.

Kwa Daphnia ni vilevile. Watafiti wa Porto, Ureno, walitumia shanga za mikromita 1 hadi 5 kwa 0.1 mg kwa lita. Ukoo ulioendelea kukaa kwenye plastiki ulikwisha kwenye kizazi cha kwanza cha watoto. Wale waliotolewa na kuwekwa maji safi walirudi polepole, na hadi kizazi cha tatu ukuaji na uzazi ulikuwa bado chini. Siku 21 za mwongozo 211 wa OECD, ule wa Daphnia, zinakuonyesha mama tu.

Na umbo. Hyalella azteca mwaka 2015: chembe za polyethylene za mikromita 10 hadi 27 ziliua nusu ya wanyama kwa siku kumi zilipofika karibu 46,000 kwa mililita. Nyuzi za polypropylene za mikromita 20 hadi 75 zilihitaji 71 tu kwa mililita. Nyuzi hukaa utumbuni muda mrefu zaidi. Kama fedha zinaruhusu kitu kimoja zaidi ya PET ya unga, wekeni nyuzi. Maji yetu yanapokea nguo zinazofuliwa ufukweni kila siku.

Mwisho wa ukali wangu ni dozi. Utafiti wa maji ya juu ya Ziwa Victoria upande wa Uganda, wa 2020, ulipata chembe 0.02 hadi 2.19 kwa mita ya ujazo. Ile 1 mg kwa lita ya shanga za mikromita 10 ni bilioni 1.8 kwa mita ya ujazo. Najua wavu wa kukokota hauzikamati chembe ndogo, na tope hukusanya kuliko maji, kwa hiyo namba hizi mbili hazisimami kwenye mstari mmoja. Ila msiite 100 mg "kiasi cha mazingira". Pangeni dozi tano zinazopanda mara kumi, 0.0005% hadi 5%, za chini zikiwa za ukweli wa ziwa na za juu za kutafutia kizingiti.

---

TopeLaNyanza ameandika:

Ahsanteni sana, mmetuokolea fedha. PET, mashapo, mchanga wa kulinganishia, nimekubali. Maswali matatu yamebaki. Ukuaji tulitaka kuupima kwa uzito usio na majivu, ili mchanga wa utumbuni usituharibie hesabu: ni sawa? Pili, tunahesabuje chembe ndani ya kiluwiluwi bila mashine? Tatu, konokono mmewaruka.

---

Chekeche63 amejibu:

La kwanza si sawa, na ni kosa linalopita hata kwa wahakiki. Ukichoma kwenye nyuzi 550, mchanga unabaki kama majivu na unautoa kwenye hesabu, sawa. Plastiki inaungua pamoja na nyama. Kwa hiyo plastiki ya utumbuni inahesabiwa kama mwili, na kiluwiluwi mwenye njaa aliyejaa PET anaonekana amenona. Waacheni saa 24 kwenye mchanga safi uliokwishachomwa, watoe vilivyomo, ndipo mpime. Maji matupu hayatoshi, wengi hawatoi kitu wasipopata cha kusukuma. Ongezeni upana wa kichwa, ambao hauathiriwi na kilichomo tumboni.

La pili: kuyeyusha. Potasiamu haidroksaidi ya 10% kwenye nyuzi 40 kwa saa 48 inamaliza nyama, na PET inavumilia. Msipandishe hadi 60 kwa kuharakisha; huko PET huanza kuliwa. Lakini kitini, ile ngozi ngumu ya nje ya wadudu, haiyeyuki kwa alkali, na hapo ndipo wadudu wanapotofautiana na samaki. Vichwa na ngozi za viluwiluwi vitabaki kwenye kichujio kama vipande vinavyong'aa, na macho yaliyochoka yatavihesabu. Njia rahisi ni kupasua: toeni utumbo mzima kwa sindano mbili chini ya hadubini, yeyusheni utumbo peke yake. Mkitumia rangi ya Nile red kuonyesha plastiki, inashika mafuta na kitini pia, kwa hiyo wekeni viluwiluwi kumi wa kundi safi wapite hatua zilezile. Watakachoonyesha ndicho kelele yenu, kitoeni kwenye hesabu ya wote.

Makoti ya pamba, si ya poliesta. Maji na myeyusho wote uchujwe kwanza. Kila siku ya kupasua, kisahani kimoja chenye kichujio chenye unyevu kikae wazi mezani. Nyuzi zitakazotua humo zinatoka kwenye nguo zenu.

---

KomeWaMto amejibu:

Konokono. Kabla ya plastiki kuna usalama: Biomphalaria wa ziwani anaweza kuwa amebeba kichocho. Kila mmoja awekwe peke yake kwenye kikombe kidogo cha maji, chini ya taa kali kuanzia saa mbili asubuhi hadi mchana, mwangalie maji kwa hadubini. Akitoa vimelea vinavyoogelea na mkia uliopasuka, hafai. Rudieni baada ya wiki nne, maana aliyeambukizwa karibuni haonyeshi mara ya kwanza. Glavu muda wote, na maji yake yamwagwe baada ya kuchemshwa au kutiwa klorini. Ukweli ni kwamba wazuri ni waliozaliwa maabara. Wazazi wakishataga, tumieni watoto.

Ukoo wa maabara mkishaupata, chukueni wa ukubwa mmoja, mfano kipenyo cha milimita 5 hadi 6, ambao hawajaanza kutaga. Huyu ana jinsia zote mbili na anaweza kujirutubisha, kwa hiyo mnaweza kumweka mmoja mmoja kwenye bika ya mililita 300 na kila bika ikawa kipimo chake. Hakuli tope sana, anakwangua. Plastiki iliyo chini ya chombo haimfikii, mtamaliza miezi bila kupima chochote. Ingizeni kwenye chakula: agari ya 1% iliyochanganywa na unga wa majani ya letasi na plastiki kwa asilimia ya uzito mkavu, imiminwe kwenye kisahani cha kioo, ikatwe vipande vya kupima, kipya kila siku ya pili. Mabaki yakaushwe na kupimwa, mjue amekula kiasi gani. Konokono mdogo wa Potamopyrgus alipewa chakula chenye hadi 70% ya plastiki katika utafiti wa Ujerumani wa 2016 bila kudhurika, kwa hiyo msishangae mkikuta kimya.

Wekeni kipande cha kioo kinachoelea au kuegemea ukutani watagie hapo. Kila wiki hesabuni vifurushi vya mayai na mayai ndani yake, kisha viangulieni kwenye maji safi kwa nusu, na nusu nyingine kwenye hali ya mama. Wiki 12 kwa huyu ndiyo ninayoiita mwanzo wa muda mrefu. Maji yawe na kalsiamu ya kutosha. Yakiwa laini kombe linamomonyoka juu na mtadhani ni plastiki.

---

MizaniKali amejibu:

Nyongeza ndogo ya hesabu. Viluwiluwi 20 kwenye chombo kimoja si vipimo 20. Chombo ndicho kipimo, kwa hiyo mna vinne kwa dozi, si 80. Wastani wa kila chombo kwanza, ndipo mlinganishe. Vyombo vipangwe kwa bahati nasibu kwenye meza, siyo dozi kwa safu, maana upande wa dirisha huwa na joto zaidi, na nyuzi moja tu ya tofauti inasogeza siku ya kuibuka.

Na aliyehesabu walioibuka asijue chombo ni cha dozi gani. Andikeni namba tu kwenye vyombo, daftari la dozi likae kwa mtu mwingine.

---

TopeLaNyanza ameandika:

Imeeleweka. Tunaanza na mzunguko mmoja wa Chironomus bila plastiki kwenye nyuzi 25, tukiandika siku ya kuibuka kwa dume na jike, na viluwiluwi kumi wa kupitisha kwenye potasiamu. Kaolini ya kulinganishia nimeifuta, nimeweka mchanga uliosagwa wa 32 hadi 63. Nitarudi na jedwali.